Miongozo ya programu kongwe isitupwe

Mtu akibomoa daraja kuukuu na kujenga jipya kwingineko, wajibu wake wa kwanza ni kuweka kibao cha kumwelekeza msafiri. Asipofanya hivyo, msafiri atafika ukingoni, ayatazame maji, na kudhani kwamba ni yeye aliyepotea njia. Hayo ndiyo yanayowapata wanafunzi wengi wa tarakilishi.

Waundaji wa programu hawaandiki kila kitu upya. Hutegemea maktaba, yaani hazina ya kazi zilizokwisha kuandikwa na wengine, na huziagiza kazi hizo kwa majina na kanuni maalumu ziitwazo violesura. Kadiri maktaba inavyokua, baadhi ya violesura huchakaa na vipya hubuniwa mahali pake. Swali ni hili: je, vilivyochakaa vifutwe hata katika miongozo?

Tutazame maktaba ya NumPy, itumikayo katika lugha ya Python kwa hesabu za kisayansi. Kwa miaka mingi jina np.float lilitumika humo, ilhali lilikuwa lakabu tu ya float ya Python yenyewe. Mnamo 2021, toleo la 1.20 lilianza kuonya kwamba lakabu hiyo imepitwa na wakati. Toleo la 1.24, la Desemba 2022, likaiondoa kabisa. Basi mwanafunzi anayenakili mfano wenye jina hilo kutoka kitabu cha zamani atakataliwa na tarakilishi, hata kama hakukosea herufi moja. Asipopata maelezo, atajiona mjinga.

Kwa bahati njema, waundaji wa NumPy hawakumwacha gizani. Ujumbe wa kosa wenyewe humwambia kwamba jina hilo lilikuwa lakabu, kwamba atumie float badala yake, na kwamba onyo lilianza katika toleo la 1.20. Huko ndiko kufundisha.

Mfano wa pili una uzito zaidi. Mnamo 2019, toleo la 1.17 lilileta njia mpya ya kuzalisha nambari za nasibu. Njia ya awali, RandomState, haikutupwa. Ilitengewa sehemu yake katika mwongozo, ikatajwa waziwazi kuwa ni ya kale, na ikaandikwa ahadi kwamba haitaboreshwa tena bali itaendelea kutoa nambari zile zile za toleo la mwisho la 1.16. Kwa nini? Kwa sababu mtafiti aliyeitumia katika tasnifu yake lazima aweze kurudia hesabu zake na kupata jibu lile lile. Utafiti usioweza kurudiwa ni porojo.

Wapo watakaosema kwamba kuhifadhi maelezo ya kale huwapotosha wanaoanza, kwani watajifunza yaliyopitwa na wakati. Hoja hii ina ukweli, lakini dawa yake si kufuta. Kinachopotosha ni ya kale kuchanganywa na mapya bila alama. Kila kiolesura kikongwe kitengwe, kielezwe kilichakaa katika toleo gani, kwa sababu gani, na ni kipi kilichochukua nafasi yake. Maelezo hayo matatu hayazidi aya moja, nayo humwokoa msomaji siku nzima ya kuhangaika.

Jambo hili linatuhusu sisi walimu na wanafunzi wa Kenya moja kwa moja. Katika shule zetu kitabu kimoja hupitia mikono ya vizazi kadhaa vya wanafunzi, na tarakilishi hutumika hadi ichoke. Anayeishi na vitu vya kale ndiye anayeuhitaji zaidi mwongozo wa kale. Mwalimu na aandike toleo la programu juu ya kila zoezi analotoa. Mwanafunzi naye, akigundua kwamba mfano wa kitabu haufanyi kazi, na aandike pambizoni jina jipya na tarehe, ili atakayekirithi kitabu hicho asikwame pale pale.

Wahenga walitukanya tusiache mbachao kwa msala upitao. Hatukatai msala mpya. Tunaomba tu mbacha ukunjwe vizuri, uwekewe jina, na usitupwe jalalani.