Kabla hujapakua programu ya kuandikia oda, jiangalie unavyofanya kazi

Wauzaji wenzangu wa mtandaoni, leo tuongelee kuandika oda. Najua mada hii haina raha kama ile ya kupata wateja wapya, lakini hapa ndipo biashara nyingi zinapovuja.

Kila baada ya muda anatokea mtu na video, anaonyesha Notion yake ilivyopangwa: majedwali ya rangi, picha ya kila bidhaa, kalenda, kila kitu mahali pake. Unavutiwa, unapakua. Siku mbili za kwanza unajaza kwa bidii. Siku ya tatu zinaingia oda kumi kwa mkupuo. Siku ya nne umesharudi kwenye skrinishoti zako. Halafu unajiita mvivu. Sio uvivu, boss wangu. Umechukua kifaa cha mtu anayefanya kazi amekaa mezani na laptop, wakati wewe oda zako zinaingia uko Kariakoo, mkono mmoja umeshika mfuko, mwingine unajibu DM.

Na hili sio jambo la kuchukulia poa. Mteja wa mtandaoni hakuoni. Hajui unakaa wapi, hawezi kuja kugonga mlango. Dada wa Mwanza aliyekutumia hela ya dera Jumatatu, muamala ukasoma, kisha mpaka Ijumaa kimya, atajuaje kama umesahau au umemla hela yake? Kwake vyote ni kimoja. Na atakachokuja kuandika chini ya picha zako ni neno moja tu: tapeli. Ukishaitwa hivyo, kujitetea kwamba oda ilipotea katikati ya chati mia mbili hakusaidii kitu.

Kwa hiyo usianze na programu. Anza na dakika ile oda inapoingia. Inaingilia wapi? Wakati huo mikono yako iko bure au haiko? Na baadaye ukitaka kuitafuta, kichwa chako kinakumbuka nini: jina la mteja, sura ya bidhaa, au siku aliyolipa? Ukijibu haya kwa ukweli, utakuta programu karibu imeshajichagua.

Wengi wetu oda zinaingia WhatsApp, na hapo hapo ndipo tunaposhinda kutwa. Kama ndivyo ulivyo, sioni kwa nini ukimbilie kwingine. WhatsApp Business ina lebo, na nyingine zinakuja tayari: oda mpya, malipo yanasubiriwa, amelipa, oda imekamilika. Unabonyeza chati kwa muda, unaweka lebo, umemaliza. Sekunde tatu. Jioni unafungua lebo ya "amelipa" na hao ndio wa kupakiwa mzigo. Nashangaa watu wanalipia programu wakati lebo za bure hawajawahi kuzigusa.

Ila ina mashimo yake. La kwanza, mteja mmoja mwenye oda mbili, moja kalipia na nyingine bado, lebo ya chati itakuchanganya. Hapo weka lebo kwenye ujumbe wenyewe wa oda badala ya chati nzima. La pili ndilo baya zaidi: mteja akiwasha ujumbe unaojifuta, ule wa saa 24, siku 7 au siku 90, maelekezo ya mahali pa kupeleka mzigo yanafutika na wewe umebaki na hela ya mtu. Ukiona alama hiyo kwenye chati, nakili jina, namba, saizi na mahali, ubandike kwenye chati yako mwenyewe. WhatsApp inakuruhusu kujitumia ujumbe, itumie kazi hiyo.

Kama wewe ni mtu wa orodha, yule ambaye hata sokoni unaenda na kikaratasi na kukata kitu kimoja kimoja, Google Keep itakufaa kuliko zote. Unaandika, unaweka visanduku vya kutiki, unaambatanisha picha, na bando likikata unaendelea kuandika, litakaporudi inajipeleka yenyewe. Usitegemee ikupigie mahesabu tu. Siku utakayotaka kujua umebakiwa na faida kiasi gani baada ya nauli ya boda na mifuko, utahitaji Google Sheets. Na Sheets kwenye kioo cha simu, tusidanganyane, inachosha macho. Iache iwe kazi ya usiku umetulia, mara moja kwa siku, sio ya kufukuzana nayo mchana.

Notion siiponde. Mwenye bidhaa nyingi na wauzaji wa jumla kadhaa, anayekaa kwenye kompyuta kila siku, itamfaa sana. Hao kati yetu ni wachache.

Kitu kingine ambacho wauza programu hawakisemi: cha bure kinaweza kubadilika. Evernote ilikuwa kimbilio la watu wengi, kisha Desemba 2023 mpango wake wa bure ukabanwa hadi kurasa 50 na daftari 1. Kwa muuzaji anayefungua ukurasa kwa kila oda, 50 haimalizi mwezi. Kwa hiyo kabla hujahamia mahali, uliza mlango wa kutokea uko wapi. Obsidian kwa mfano inaweka maandishi yako kama mafaili ya kawaida ndani ya simu yako, na mafaili hayo unaweza kuyafungua kwa programu nyingine. Lakini simu ikiibwa kabla hujaweka nakala mahali, yameondoka nayo. Kila chaguo lina bei yake.

Ukiwa na msaidizi anayepaki, mambo yanageuka. Tabia zako peke yako hazitoshi tena. Kama yeye hafungui Keep, basi Keep haipo. Mchague kitu ambacho nyote wawili mnakifungua bila kukumbushana. Na ukishea jedwali, shea kwake yeye tu, sio ile ya "yeyote mwenye linki". Majina, namba na mitaa ya wateja ni taarifa zao, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ije, sio suala la ustaarabu peke yake.

Sasa jaribio. Leo usiku, ukishamaliza kujibu watu, chukua oda moja ya mwezi uliopita na uitafute: nani alinunua, rangi gani, alilipa kiasi gani, mzigo ulipanda basi gani. Ukiipata ndani ya dakika moja, usihame hapo ulipo, hata kama ni kaunta buku la karatasi. Piga tu picha ya ukurasa kila unapofunga kazi. Ukihangaika dakika kumi, angalia ulianza kutafutia wapi kabla ya kwingine kote. Hapo mkono ulipokwenda wenyewe ndipo oda zako zinapotakiwa kuandikwa kuanzia kesho.