KIKUBA KISINYAUKE KABLA YA SAA YAKE



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), mwezi huu twapenda kuzungumza na mama zetu, binti zetu na vijana wetu juu ya jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo, nalo ni kikuba: lile fungu la asumini, rehani na waridi ambalo wanawake wa pwani yetu hulibandika kifuani siku ya arusi, ya Idi au ya Maulidi. Twataka kueleza jinsi ya kulihifadhi lisinyauke. Jambo ni dogo, kweli, lakini tumeona likitoa machozi, na sababu ya machozi hayo tulikuwa sisi.

Katika Maulidi ya chuo chetu tuliwaamrisha wanafunzi wa kike wafike mara baada ya sala ya adhuhuri ili wajizoeze kaswida, ilhali kisomo chenyewe kilikuwa baada ya magharibi. Watoto walikuja wamekwisha pambika. Tukawapanga uani, juani, tukawarudisha tena na tena mpaka sauti zikalingana. Ulipofika wakati wa kusimama kumsalia Mtume, vikuba vingi vilikuwa vimesinyaa, na cha binti mmoja yatima kilikuwa kimegeuka rangi kabisa. Wenziwe wakamcheka. Naye alikivua, akakificha kiganjani, akalia kimya kimya.

Siku mbili hakuonekana chuoni. Ya tatu tulikwenda kwao. Bibi yake, ambaye ndiye amleaye, hutunga vikuba na kuviuza jioni, na kwa kazi hiyo hupata chakula chao wawili. Akatwambia, "Maalim, kucheka kwa watoto si kitu. Lakini mama zao waliokuwapo wamesema kuwa mimi nauza maua ya jana, na wateja wameanza kupita mlango wa pili. Maua yale niliyachuma siku ile ile. Mmeyaweka juani mchana kutwa, yangeishi vipi?"

Hatukuwa na jibu ila kumwomba radhi. Kisha tukamwomba atufundishe, naye, Mwenyezi Mungu amjazi kheri, akatufundisha bila ya kinyongo. Haya tuyaandikayo mengi ni yake, na machache tumeyaongeza sisi.

Jambo la kwanza ni kufahamu kwamba ua lililochumwa lingali hai. Huendelea kupumua na kupoteza maji, na halina tena mzizi wa kulirudishia. Jua, upepo na joto la mwili huyaharakisha maji hayo kutoka. Basi hila yote ya kuhifadhi kikuba ni mbili tu: kulipa ua maji kabla ya kulivaa, na kuyazuia yasitoke upesi baada ya kulivaa.

Asumini ina tabia yake. Hufunguka jioni, na ifungukayo usiku huu kesho huwa imekwisha. Kwa hiyo haifai kuchuma maua yaliyokwisha kufunguka. Huchumwa matumba yaliyojaa, meupe, alasiri jua likipungua, yakatungwa yangali yamefumba, nayo hufunguka yenyewe juu ya nguo wakati wa shughuli. Kikonyo chake ni kifupi, hakiwezi kunywa maji kama kinywavyo cha waridi. Basi matumba yakitungwa yafungwe ndani ya kitambaa kibichi kilichokamuliwa vizuri, au ndani ya jani la mgomba, yawekwe kivulini mahali pa baridi mpaka saa ya kutoka. Yasitoswe katika maji, maana yakilowa sana hubadilika rangi.

Waridi na rehani huchumwa asubuhi na mapema, au jioni. Vikonyo vikatwe mshazari kwa kisu kikali, si kwa kuvunja kwa vidole, kisha visimamishwe katika maji safi kwa muda wa saa mbili au zaidi kabla ya kufungwa. Majani yatakayozama majini yaondolewe, kwani huoza na kuyachafua maji. Wakati wa kufunga kikuba, ncha za vikonyo zizungushiwe pamba kidogo iliyoloweshwa, na juu yake kipande cha jani la mgomba au karatasi ya nailoni, kisha uzi. Hivyo ua hunywa polepole, wala maji hayagusi nguo. Jambo hili ni la kuangaliwa sana kwa wavaao hariri, maana tone la maji huacha alama.

Wenye friji wasidhani kuwa wamekwisha salimika. Waridi na asumini hustahimili ubaridi kwa saa chache, zikiwa zimefunikwa. Lakini rehani haiupendi, majani yake hugeuka meusi. Wala maua yasiwekwe pamoja na ndizi au maembe yaliyoiva, kwa kuwa matunda yaivayo hutoa hewa isiyoonekana ambayo huyazeesha maua upesi.

Ama kuhusu kuvaa, utaratibu ni huu. Nguo ifukizwe udi kwanza, na chetezo kiondolewe. Kikuba kibandikwe mwisho wa yote, kwani moshi wenye joto hukausha ua kwa dakika chache. Manukato ya chupa na uturi vipakwe mahali pengine, visimwagwe juu ya maua, maana huyaunguza. Pini ipite katika uzi au katika kikonyo, isilichome ua lenyewe. Kikuba kikae juu ya nguo, kisigusane na ngozi. Na aliye na safari ya mbali akichukue mkononi ndani ya jani lake, akivae akisha fika. Kikionekana kuchoka, arushe matone machache ya maji kwa ncha za vidole.

Hapa hatuna budi kutenganisha mambo mawili yanayofanana kwa macho. Kurushia maji ua la leo ili lisichoke ni kulihifadhi. Kurushia maji ua la jana ili mnunuzi alidhanie la leo ni udanganyifu. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alipita penye chungu ya chakula sokoni, akatia mkono wake ndani, akakuta umajimaji. Mwenyewe akasema kuwa kimenyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka kile kilicholowa juu ili watu wakione, kisha akajitenga na kila mwenye kudanganya. Muuza maua na aifikirie chungu ile. Akibakiwa na maua ya jana, ayauze kwa jina lake na kwa bei yake.

Na mnunuzi naye ana wajibu wake. Asiseme "huyu huuza maua ya jana" mpaka awe na yakini. Ua linaloweza kufa kwa saa moja ya jua si shahidi wa kutosha wa kuvunja heshima ya mtu, wala wa kumkatia riziki mwanamke mzee. Dhana ile ilitoka kinywani mara moja tu, lakini kuirudisha kulitugharimu siku nyingi. Ilibidi tuwakusanye wazee wa wanafunzi na kuwaambia waziwazi kuwa kosa lilikuwa la maalim, si la mtungaji. Alhamdulillahi, waliofahamu walirudi kununua kwake.

Twawakumbusha binti zetu pia kwamba harufu nzuri ya mwanamke ina mahali pake: nyumbani kwake, na katika mikusanyiko ya wanawake wenziwe. Kukichukua kikuba ndani ya jani mpaka ufikapo kunahifadhi ua na kunahifadhi adabu, mambo mawili kwa mkono mmoja.

Dini yetu haikuyadharau maua. Katika Sahihi Muslim Mtume (s.a.w.) amemkataza mwenye kupewa rehani asiirudishe, kwa kuwa ni nyepesi kuichukua na harufu yake ni nzuri. Na katika Sahihi Bukhari imepokewa kwamba aliwaita wajukuu wake, Hasan na Husein, kuwa ni rehani zake mbili za dunia. Tulikuwa tukiisoma habari hiyo miaka mingi, lakini siku ile katika nyumba ya yule bibi ndipo ilipotugusa. Tulikuwa tumehuzunikia maua juani, na watoto walikuwa juani pamoja nayo, wamesimama, wana kiu, na hapana aliyewauliza.

Mwaka huu Maulidi yetu yaliingia baada ya isha. Watoto walifika jioni, wakakaa kivulini, wakanywa maji, na vikuba vikabandikwa jua lilipokwisha kutua. Aliyewabandika alikuwa yule binti yatima, kwa kuwa ndiye aliyejua pini ipitie wapi. Asumini zilifunguka watu wangali wakisoma.

Basi enyi wazazi na walimu wenzetu, kabla ya kuuliza ua limenyauka kwa nini, tuangalie kwanza nani alilisimamisha juani. Mwenyezi Mungu atuwafikishe sote. Amin.

Wabillahi tawfiq.