Tuchore Hadithi Zetu Wenyewe

Mwezi Julai 2023 zilitolewa kwa pamoja filamu fupi kumi za katuni zilizotungwa na Waafrika, zikapewa jina moja: Kizazi Moto. Jina hilo ni la Kiswahili, na halihitaji kufasiriwa kwa mtu yeyote wa Tanga, Pangani au Mkinga. Msambazaji wake alikuwa Disney, kampuni kubwa ya Marekani, na kazi iliongozwa na studio ya Triggerfish ya Afrika Kusini. Waongozaji wa filamu hizo walitoka nchi sita: Afrika Kusini, Kenya, Misri, Nijeria, Uganda na Zimbabwe. Tanzania haimo. Lugha yetu ilialikwa mlangoni kuwa jina la nyumba, lakini ndani ya nyumba hiyo hakuna chumba kilichojengwa na sisi.

Hatulisemi jambo hili kwa wivu. Majirani zetu wamefanya kazi, na anayefanya kazi anastahili ujira na sifa. Tunalisema kwa kuwa mkoa wa Tanga, pengine kuliko mikoa mingine ya nchi yetu, unaijua vizuri hasara ya kuuza mali ghafi na kununua kilichotengenezwa. Miche ya kwanza ya mkonge ilipandwa Kikogwe, karibu na Pangani, mwaka 1893. Kwa miaka mingi baada ya hapo tulipakia singa katika meli, kisha tukanunua kamba kutoka ng'ambo. Wazee wetu walikata mkonge kwa jasho, lakini sehemu kubwa ya faida ilibaki kwa wenye viwanda. Leo hadithi zetu, rangi zetu na lugha yetu zimo hatarini kufuata njia ile ile.

Filamu ya katuni ni michoro, au vikaragosi, vinavyopigwa picha moja moja hadi vionekane vinatembea na kusema. Sinema hupitisha picha 24 kwa kila sekunde. Kwa hiyo filamu ya dakika kumi ina picha 14,400. Na hata mchoraji akiamua kuutumia kila mchoro mara mbili, bado atachora 7,200. Hii ni kazi ya subira kama ya fundi wa jahazi. Ndiyo maana yapo matamasha ya kuionyesha na kuipima, ambako filamu ndefu na fupi huwekwa mbele ya watazamaji na waamuzi. Tamasha la Annecy nchini Ufaransa lilianza mwaka 1960. Hapa kwetu lipo Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar, ambalo maonyesho yake ya kwanza yalifanyika mwaka 1998, ng'ambo kidogo tu ya bahari yetu. Vijana wa Zanzibar na wageni wao wameketi Ngome Kongwe wakiangalia filamu za Afrika na za nchi za majahazi. Swali letu ni hili: kijana wa Tanga atapeleka nini huko?

Wapo watu wazima, na miongoni mwao baadhi ya viongozi, wanaoamini kwamba katuni ni kitulizo cha watoto wakati mama anapika. Historia inawakanusha. Mwaka 1966 Moustapha Alassane wa Niger alitengeneza filamu ya katuni iitwayo Bon voyage Sim. Ndani yake rais wa nchi ya vyura anakwenda ziarani. Watazamaji walicheka, lakini walijua vyema wanachekea nini: fahari tupu ya baadhi ya watawala baada ya uhuru. Alassane hakuwa na kiwanda. Alikuwa na mikono yake na akili yake. Na kabla yake, mwaka 1926, Lotte Reiniger wa Ujerumani alimaliza filamu ndefu kuhusu Mwanamfalme Achmed, nayo ndiyo filamu ndefu ya katuni ya zamani kuliko zote zilizosalia hadi leo. Aliitengeneza kwa mkasi, karatasi ngumu na taa, akikata vivuli vya watu na farasi na kuvisogeza kidogo kidogo. Hadithi zake alizichota katika Alfu Lela U Lela, yaani katika kisima kile kile walichochota bibi zetu wa pwani.

Tuangalie basi tulicho nacho. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, Machui, kusini kidogo ya mji wa Tanga, mwaka 1909. Katika Kusadikika, kitabu kilichotoka mwaka 1951, alitusimulia habari za nchi iliyo angani. Hakuna kamera inayoweza kwenda kuipiga picha nchi hiyo, wala hakuna serikali yenye fedha za kuijenga kwa mbao na saruji ili waigizaji wasimame juu yake. Lakini mchoraji mwenye kalamu anaweza kuitundika hewani kwa siku moja, akamsimamisha Karama barazani ajitetee mbele ya mfalme na majaji. Mwaka uliofuata kikatoka Adili na Nduguze, ambamo ndugu wawili wanageuzwa manyani kwa sababu ya husuda yao. Mwalimu gani wa Kiswahili hajapata taabu kuwafanya wanafunzi waione hali hiyo kwa macho ya moyo? Juu milimani Usambara tunaye Mbegha, mwindaji wa nguruwe aliyefika akiwa mgeni na kuwa chanzo cha ukoo wa Wakilindi, kama alivyosimulia Abdallah bin Hemedi katika Habari za Wakilindi. Hazina hii imo katika maktaba zetu, inangoja kalamu.

Wala hazina haiishii katika fasihi. Chini ya bahari yetu anaishi silikanti, samaki ambaye wataalamu walidhani alitoweka duniani zamani sana, hadi mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Tangu mwaka 2004 wavuvi wa Tanga wamekuwa wakimkuta katika nyavu zao, na mwaka 2009 Serikali ikaanzisha Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Samaki huyu hukaa kwenye mapango ya kina kirefu, zaidi ya mita mia moja. Mwanafunzi wa Mwambani au Kigombe hawezi kuzama kumtazama. Filamu ya katuni ya dakika tano ingemwonyesha jinsi anavyoogelea, kwa nini hifadhi imewekwa, na kwa nini nyavu za vilindini humdhuru yeye na hatimaye humdhuru mvuvi. Bwana samaki na mwalimu wangekuwa na kitu kimoja cha kuonyesha, badala ya karatasi za matangazo ambazo hupigwa jua na kupauka ukutani.

Tukumbuke pia habari za Edward Saidi Tingatinga. Mwana huyo wa Tunduru alifanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga kabla ya kuhamia Dar es Salaam. Huko, mnamo mwaka 1968, alianza kuchora wanyama na ndege juu ya mbao kwa rangi za kung'aa, akafariki mwaka 1972. Mtindo wake ukaenea ulimwenguni kwa jina lake. Mwaka 2010 televisheni ya Uingereza ikaanza kuonyesha mfululizo wa katuni za watoto uitwao Tinga Tinga Tales, ukiwaeleza kwa nini kila mnyama yuko alivyo. Katuni hizo zilitengenezwa Nairobi. Jina ni la mtu wetu na mtindo ni wa kwetu. Lakini vijana waliojifunza ufundi wa studio, waliopata mishahara na waliobaki na mitambo, wengi wao walikuwa wa mji mwingine. Hatuwalaumu waliotengeneza. Twajilaumu sisi tuliokuwa na mchoro tukakosa karakana.

Jambo ambalo walimu wengi hawalijui ni kwamba mkoa huu ulikwisha kuwa makao ya filamu za Afrika Mashariki. Kuanzia mwaka 1935 hadi 1937, hapo Vugiri katika milima ya Usambara, palikuwa na mradi wa Waingereza wa kutengeneza sinema kwa ajili ya Waafrika, uliopata fedha kutoka shirika la Carnegie la Marekani. Zilitengenezwa filamu zipatazo 35, sauti zikatiwa katika sahani za santuri kwa lugha mbalimbali, na gari likazizungusha Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Waafrika walikuwamo kama waigizaji na wasaidizi. Uamuzi wa hadithi gani isimuliwe, na kwa shabaha gani, haukuwa wao. Mtazamaji alihesabiwa kuwa mtu wa kufundishwa, asiye na lake la kusema. Fedha zilipokwisha, mradi ukafungwa, na ufundi ukaondoka na wenyewe.

Somo la Vugiri lina pande mbili. Kwanza, ufundi usiokabidhiwa kwa wananchi haubaki. Pili, filamu inayomhubiria mtu bila kumheshimu haimfiki moyoni. Onyo hili la pili linatuhusu hata sisi wenyewe, kwa kuwa ofisi zetu hupenda kugeuza kila sanaa kuwa tangazo. Katuni ya silikanti isiyo na hadithi itawalaza watoto usingizi, hata kama kila neno lake ni la kweli.

Kwamba kazi hii inawezekana nchini, ushahidi upo. Ubongo, taasisi iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2013, ilianza mwaka 2014 kuonyesha katuni za Ubongo Kids katika televisheni ya taifa, zikifundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili na nyimbo. Zikafuata katuni za Akili kwa ajili ya wadogo zaidi. Leo vipindi hivyo vinatazamwa katika nchi nyingi za Afrika, kwa lugha mbalimbali. Kilichoanza kwa Kiswahili kilitafsiriwa kwenda kwa wengine. Mwelekeo huo ndio tunaoutaka.

Yupo atakayetuuliza: shule yangu haina madawati ya kutosha, nanyi mnaniambia katuni? Swali hilo ni la haki, na hatutalijibu kwa maneno matamu. Dawati litangulie. Lakini tusijidanganye kwamba mtoto asiye na dawati hana katuni. Anazo tele, katika simu ya kaka yake na katika kibanda cha video. Anaziangalia kila siku, kwa lugha za watu, zikimwonyesha theluji, majumba na mashujaa wasio wa kwao. Mtoto amekwisha amua kutazama. Linalobaki kwetu ni kuamua kama katika hayo anayoyatazama atakutana na mnazi, ngalawa na jina linalofanana na lake. Mtoto asiyejiona popote huishia kuamini kwamba mambo makubwa hutokea kwingine.

Kwa hiyo tunapendekeza hatua tatu, wala hakuna hata moja inayohitaji mfadhili.

Kwanza, walimu. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, ilitaka mikono ya mwanafunzi ifanye kazi pamoja na kichwa chake. Filamu ya dakika moja, kwa michoro 12 kila sekunde, inahitaji michoro 720. Darasa la wanafunzi 45 likigawana, kila mmoja atachora 16. Simu ya mwalimu itapiga picha hizo moja moja. Na pasipo simu, mkasi, karatasi ngumu, taa na shuka jeupe vinatosha kuanza na vivuli, kama alivyofanya Reiniger. Humo mna hesabu, Kiswahili, uchoraji na ushirikiano.

Pili, maofisa utamaduni wa halmashauri za Tanga, Muheza, Mkinga, Pangani, Korogwe na Lushoto. Kila tarehe 7 Julai dunia huadhimisha Siku ya Kiswahili. Aghalabu sherehe zetu huwa hotuba na risala. Jioni ya siku hiyo itengwe kwa maonyesho ya katuni: za Ubongo, za majirani zetu, za Alassane, na zile za wanafunzi wenyewe. Majumba ya zamani ya sinema yamefungwa au yamegeuzwa matumizi, lakini kumbi za Chama na za shule zipo. Filamu bora ya mwaka ipelekwe Zanzibar kwenye tamasha, ipimwe pamoja na za wengine.

Tatu, Serikali. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa unapokopesha wasanii, ujue kwamba mchoraji wa katuni hukaa miezi mingi bila kitu cha kuuza, hivyo marejesho yake hayawezi kufuata kalenda ya mwimbaji. Nazo sheria za hakimiliki zielezwe kwa wachoraji kabla hawajatia saini mikataba, kwa maana maelezo baada ya saini ni rambirambi.

Mwaka 1962, mara baada ya nchi yetu kuwa Jamhuri, Mwalimu Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Hakungoja tutajirike kwanza. Aliona kwamba taifa lisilo na picha yake huazima ya jirani, na cha kuazima hakistiri matako. Singa tuliziuza kwa miaka mingi kabla ya kujifunza kusokota kamba zetu. Hadithi tusizicheleweshe hivyo. Kalamu zipo, karatasi zipo, na Kusadikika bado inaning'inia angani ikingoja mchoraji wake wa Tanga.