Puto la kuinulia mizigo majini: hatari yake humfuata mzamiaji hadi Tabora

Mzazi unayeishi Kwihara, unaweza kudhani uzamiaji haukuhusu. Bahari iko mbali, na neno "mzamiaji" wengi wetu tunalitumia kwa kijana aliyejificha melini kwenda ng'ambo. Lakini reli ya Tabora inafika Mwanza, Kigoma na Dar es Salaam, na kijana anayetafuta riziki huko anaweza kujikuta chini ya maji akiopoa injini ya boti au nanga.

Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Septemba 20, 2018, zaidi ya watu 220 walipoteza maisha. Baadaye kilinyanyuliwa kwa msaada wa maputo ya hewa. Maputo madogo ya aina hiyo hutumiwa pia na mzamiaji mmoja mmoja, na hapo ndipo afya inapoingia.

Lita moja ya hewa ndani ya maji huinua takriban kilo moja. Tatizo ni kwamba hewa hutanuka kadiri inavyopanda. Lita 20 zilizojazwa kwenye kina cha mita 10 huwa takriban 40 zikifika juu. Kwa hiyo mzigo uliokuwa ukipanda taratibu hukimbia ghafla, na kama kamba imenasa mkononi au kwenye mtungi, mzamiaji naye anavutwa juu. Akibana pumzi kwa hofu, mapafu yake yanatanuka kama lile puto na yanaweza kupasuka. Hewa ikiingia kwenye damu ikafika kwenye ubongo, anaweza kupoteza fahamu ndani ya dakika chache. Haihitaji kina kirefu. Hata mita mbili zimewahi kuua watu.

Muulize mwanao maswali haya kabla hajakubali kazi: amefundishwa na nani? Puto lina valvu ya kutoa hewa? Ana kisu cha kukata kamba? Anajaza hewa kidogo kidogo huku akikaa pembeni, au anakaa juu ya mzigo? Yupo mwenzake majini? Anayejibu kwamba anafunga mzigo kwenye jaketi lake la kuelea, mwambie aache. Mzigo ukichomoka, jaketi litamrusha juu.

Hatari ya pili haina haraka. Mzamiaji akikaa chini kwa muda, gesi ya naitrojeni huyeyuka mwilini. Akipanda haraka, hutoa mapovu kama soda iliyofunguliwa. Hapa Tabora inahusika moja kwa moja. Mji wetu uko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Pwani. Stanley alitembea karibu miezi mitatu mwaka 1871 kutoka Bagamoyo hadi Kwihara. Mwili ulikuwa na muda wa kutosha. Leo kijana anazamia asubuhi Unguja na jioni anaweza kuwa angani. Ushauri wa kitaalamu ni kusubiri angalau saa 12 baada ya kuzamia mara moja, na saa 18 kama amezamia mara kadhaa, kabla ya kupanda ndege. Mimi ningeshauri asubiri hivyo hivyo kabla ya kupanda gari au treni ya mwendokasi kuja bara. Wanaozamia Ziwa Victoria au Tanganyika nao wajue kwamba majedwali ya kuzamia yaliyotengenezwa kwa bahari yanahitaji marekebisho, maana maziwa hayo yako juu.

Dalili nyingi huanza ndani ya saa 24: maumivu makali ya viungo, ganzi, kizunguzungu, miguu kuishiwa nguvu, kushindwa kukojoa. Zahanati inaweza kudhani ni malaria au baridi yabisi. Sema wazi, "alizamia jana, kina fulani, akapanda haraka." Usimkande, wala asirudi majini "kujitibu". Alazwe chali, apewe oksijeni safi kwa wingi, na daktari atafute rufaa ya chumba cha shinikizo, ambacho hospitali za kawaida hazina. Akisafirishwa kwa ndege, rubani aelezwe mapema ili aruke chini iwezekanavyo au shinikizo ndani ya ndege liwekwe karibu na lile la usawa wa bahari.