Umeazima? Rudisha!

Mniwie radhi kwa ukimya, niko huku Kigwa kwenye mazoezi ya kufundisha na mtandao ni wa kubahatisha. Leo nina hasira.

Juzi wazazi walikuja kuchukua ripoti za Form Two. Kuna programu jamaa mmoja aliwaandikia kwa C#, inachapa ripoti kwa kutumia Excel. Kufika ripoti ya thelathini na kitu, kompyuta ikaganda. Wazazi wengine walitoka mbali kwa miguu, wakarudi mikono mitupu. Jamaa kapigiwa simu, anajibu, "Zima, washa." Jamani, hilo ni jibu?

Nikafungua Task Manager. Excel zimejaa humo, wala kwenye skrini hazionekani! Kila mwanafunzi kafunguliwa ya kwake. Quit ameiandika, sikatai. Lakini objekti hizi za nje, za COM, zinaishi kwa hesabu: anayeishika anaongeza moja, akiita Release anapunguza moja. Jamaa kaita Quit huku bado kashikilia workbook na sheet. Itaondokaje?

Wenzangu wanamtetea eti .NET ina mzoa taka wake. Atapita lini? Yeye anaona kifuniko kidogo kilichoko upande wake, mzigo wa Excel uliopo nje haumhusu.

Wapo pia wanaoachia hovyo. FreeLibrary inapunguza hesabu ya maktaba, ikifika sifuri DLL inatolewa. Ukiita kilichokuwa humo baada ya hapo, programu inaanguka.

Huku ni njia ya misafara. Burton na Speke walipita pande hizi mwaka 1857 wakienda Kazeh, Tabora ya leo. Mpagazi wa Kinyamwezi akifika, anatua mzigo, anapewa ujira wake, anaenda zake. Humfukuzi porini na pembe begani, na mzigo ukishafika humng'ang'anii.

Basi fungua Excel moja tu kabla ya mzunguko. Kila ripoti ikiisha, funga workbook, achia sheet na workbook kwa Marshal.ReleaseComObject. Mwisho ita Quit, achia na Excel yenyewe. Weka kwenye finally, ili hata kosa likitokea usafi ufanyike.

Walimu watarajiwa wenzangu, tukifundisha kufungua, tufundishe na kufunga siku hiyohiyo. Anayelipia uvivu wetu ni mzazi aliyetembea tangu alfajiri.

Naomba kuwasilisha.