Onyo la Maafa Limfikie Kila Mtu

Maporomoko ya tope ya Hanang ya Desemba 2023 na mafuriko ya Rufiji ya Aprili 2024 yametuonya: maafa hayasubiri mtu. Tangazo la redio halimfikii kiziwi. Boti ya uokoaji haimfai anayetumia kiti mwendo iwapo hakuna aliyepangwa kumbeba. Mgonjwa wa kisukari anayetegemea insulini akihamishwa bila dawa hiyo, ameokolewa nusu.

Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao ibara yake ya 11 inadai walindwe wakati wa maafa. Ili hilo litimie, kamati za vijiji na mitaa ziorodheshe kabla ya masika: nani anaishi wapi, anahitaji nini, nani atamfuata. Wenye ulemavu wenyewe wawe wajumbe wa kamati hizo.