MASHAURI YA SHAMBA: Ujue Umri wa Ufito Kabla ya Kuukata

Juma hili twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za beri nyeusi. Wakaao katika nchi za juu, hasa kando ya misitu ya Aberdare na Mlima Kenya, waijua jamaa yake ya mwituni, ile yenye miiba ambayo watoto huchuma matunda yake waendapo kuchunga. Asiichanganye mtu na forosadi, maana forosadi ni mti kamili usio na miiba, na beri ni kichaka cha fito nyingi zitokazo katika shina moja chini.

Malalamiko ya wanaoipanda bustanini ni haya: “Kichaka changu kimestawi, kina majani mengi, lakini hakizai.” Wengine hukimbilia mbolea, na wengine hununua dawa. Lakini mara nyingi kosa halimo katika udongo wala si wadudu. Kosa ni la panga.

Mzizi wa beri huishi miaka mingi, lakini kila ufito una maisha mafupi. Katika mwaka wake wa kwanza ufito huchipuka kutoka ardhini, hurefuka na kutoa majani tu. Katika mwaka wa pili hutoa vitawi vya kando, maua na matunda, kisha hukauka na kufa. Kwa hiyo mtu akatapo kichaka chote kama afyekavyo nyasi, amekata pamoja na fito changa ambazo zingemzalia mwaka ujao. Kichaka kitachipuka tena kwa nguvu, naye atafurahi. Lakini asipopata mtu wa kumwonya atakifyeka tena, na hataonja tunda hata moja. Jambo hili huwapata hasa makarani wafanyao kazi mjini, ambao humwachia kijana bustani bila kumweleza neno. Kazi ya mwaka mzima huweza kupotea kwa saa moja.

Katika nchi za Ulaya mkulima huongozwa na majira ya baridi. Kwetu hakuna theluji ya kutupangia kazi, na huenda kichaka kimoja kikawa na maua, matunda na machipukizi kwa wakati mmoja. Basi usifuate kalenda. Utazame ufito wenyewe. Ufito mchanga ni wa kijani au mwekundu kidogo, nao hauna vikonyo vya matunda ya zamani. Ufito uliokwisha kuzaa ni wa kahawia, mgumu, na vikonyo vikavu vingali vimeshikamana nao. Njia iliyo rahisi ni kufunga uzi wa katani katika kila ufito mpya uchipukao, na kubadili rangi ya uzi kila mwaka. Hapo hata mgeni wa kazi hawezi kukosea.

Baada ya mavuno, kata fito zilizozaa hadi usawa wa ardhi, uzitoe shambani na kuzichoma. Katika fito changa bakiza nne hadi sita zenye nguvu kwa kila shina. Zile zisimamazo wima, zikifika futi 3 au 4, zikatwe ncha kidogo ili zitoe vitawi vingi vya kuzaa.

Iko sababu nyingine ya kutozaa, nayo ni aina ya mbegu. Aina nyingi za nchi za baridi huhitaji saa kati ya 200 na 900 za baridi iliyo chini ya nyuzi 7 za Selsiasi kabla ya kutoa maua vizuri, na saa kama hizo ni adimu kwetu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Arkansas, Marekani, kilitoa aina mbili, Prime-Jan na Prime-Jim, ambazo huzaa katika ncha za fito za mwaka wa kwanza, na nyingine za namna hiyo zimefuata. Hizo peke yake ndizo ziwezazo kukatwa zote hadi chini baada ya mavuno. Kwa hiyo muulize muuzaji ni aina gani kabla ya kutoa fedha yako. Pwani hazifai, maana joto kali huharibu maua.

Katika kupanda, chagua mahali penye jua pasipotuama maji. Udongo uwe na asidi kidogo, yaani pH 5.5 hadi 6.5. Usipande mahali palipokuwa na viazi, nyanya au biringani karibuni, kwa kuwa mimea hiyo huacha ardhini ugonjwa unyausha beri. Panda mwanzo wa mvua, futi 4 kati ya shina na shina, na futi 8 kati ya mistari. Changanya debe moja la samadi iliyooza katika kila shimo. Simika nguzo na kuvuta nyaya mbili, moja futi 3 kutoka chini na ya pili futi 5, kisha zifunge fito hapo.

Sasa tutaje matatizo mengine. Ukiona matunda yamefunikwa na ukungu wa kijivu wakati wa mvua, fito zimesongamana; zipunguze upepo upite, na uyaokote yaliyooza. Punje zikiwa nyeupe upande mmoja, zimeunguzwa na jua. Tunda likiwa limepindika na punje chache, nyuki hawakulifikia vema. Basi usinyunyize dawa ya wadudu wakati wa maua. Na majani yakizidi mno huku maua ni machache, punguza samadi.

Msichume upesi. Beri nyeusi ing'aayo bado ni chachu. Ngoja mng'ao upungue na tunda litoke kwa kuvutwa kidogo tu, maana likichumwa haliivi zaidi. Chuma asubuhi kila baada ya siku mbili au tatu, katika chombo kisicho na kina, ukaweke kivulini.

Neno la mwisho ni la ujirani. Ncha ya ufito ikigusa udongo hutoa mizizi. Hilo ni jema kwa mtu atakaye miche, maana huizika ncha inchi 3 au 4 na kuikata ikisha kushika. Lakini ni baya mpakani. Huko Australia beri zilizoletwa kutoka Ulaya zimekuwa magugu makubwa yaliyofunika malisho. Panda mbali na mpaka, na kila mwezi uzunguke ukizing'oa zitorokazo, usije ukagombana na jirani kwa ajili ya fito. Wala usilete vipandikizi kutoka ng'ambo kwa siri mfukoni. Pata kibali cha KEPHIS. Huko Marekani iko kutu ya rangi ya chungwa ambayo hukaa ndani ya mmea wenyewe, wala hakuna dawa ya kuuponya; mmea huo hung'olewa wote.

Basi, ndugu mkulima, kabla ya kumpa kijana panga, nenda naye bustanini umwonyeshe ufito uliozaa na ufito utakaozaa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mtaka beri sharti ainame atazame shina.